Madirisha mapya ya aluminiamu yanaingiza maji na yameota madoa meupe: tatizo liko wapi?

*Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mwezi wa kwanza mwaka huu tuliondoa madirisha ya mbao yaliyoliwa na mchwa kwenye nyumba yetu ya Kigamboni, tukaweka ya aluminiamu ya kuslaidi, rangi ya kahawia, vioo vya tinti. Kutoka kwetu hadi baharini ni kama mita 400. Masika yalipoanza, maji yakawa yanaingia chumbani upande wa bahari kupitia reli ya chini. Fundi alikuja akaziba kwa silikoni vitundu vilivyo upande wa nje, akasema ndimo yanamopita. Mvua iliyofuata yakaingia mengi zaidi. Halafu madirisha yamekuwa mazito kusukuma. Jirani alinishauri nipake mafuta ya kupikia kwenye reli, yakawa mepesi wiki mbili tu, sasa ni mabaya kuliko mwanzo. Chini ya fremu kuna madoa meupe yasiyotoka hata nikisugua kwa sabuni ya unga na waya wa masufuria. Ile plastiki ya kinga bado ipo kwenye baadhi ya fremu kwa kuwa mume wangu anasema inazuia mikwaruzo. Tuliambiwa aluminiamu haishiki kutu wala haihitaji matunzo. Je, tumeuziwa vitu feki? Tuyang'oe?*

Salama, dada yangu, na pole kwa kudeki usiku wa mvua.

Nianze na lile linalokuuma zaidi. Kwa maelezo uliyonipa sioni ushahidi kwamba umeuziwa vitu feki. Ninachokiona ni madirisha kama mengi ya pwani: yamefungwa si vibaya, yakapata kasoro ndogo, kisha yakapewa tiba zisizo zake. Maji yaliongezeka kwa sababu ya silikoni. Uzito umeongezeka kwa sababu ya mafuta. Madoa nayo, kwa sehemu, yamekuzwa na ule waya. Kwa hiyo msing'oe kitu kwanza. Ila itabidi nikueleze dirisha lenu linavyofanya kazi, maana ukishalielewa hutahangaishwa na kila mshauri anayepita.

Dirisha la kuslaidi halizuii mvua yote. Kati ya kipande kimoja cha kioo na kingine kuna uwazi, na kilichopo hapo ni utepe wenye manyoya ambao kazi yake ni kupunguza vumbi, wadudu na upepo. Maji yanapenya. Waliobuni madirisha haya walilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana reli ya chini wameiunda kama mfereji: inapokea maji yaliyopenya, inayakusanya, inayatoa nje kupitia vitundu vilivyo kwenye uso wa nje wa fremu. Vitundu alivyoviziba fundi ndiyo njia yenyewe ya maji kutokea. Alipoziba, mfereji ukageuka beseni. Mvua ikajaza beseni, na likijaa hakuna kwingine kwa maji kumwagikia isipokuwa chumbani.

Lakini fundi hakuota. Inaelekea aliona kitu. Upepo ukipiga dirisha uso kwa uso, mgandamizo wa hewa nje unakuwa mkubwa kuliko wa ndani, na hewa inatafuta njia kupitia vilevile vitundu. Ukiwa chumbani ukachungulia reli wakati huo utaona maji yanatokota, mapovu yanapanda, matone yanarukia ndani. Mtu yeyote angesema maji yanatokea mle. Kumbe ni hewa inapita katikati ya maji yaliyokuwa yakijaribu kutoka.

Hesabu yake si ngumu. Upepo wa kilomita 45 hivi kwa saa, ukigonga ukuta, una nguvu ya kushikilia maji yapate kimo cha milimita 10 ndani ya reli. Upepo ukifika kilomita 65 kwa saa, kimo kinakuwa kama milimita 20, kwa sababu nguvu ya upepo hupanda haraka kuliko mwendo wake. Maji yakizidi kimo hicho, uzito wake unaushinda upepo na yanatoka. Kwa hiyo maji kusimama kidogo kwenye reli dhoruba ikiwa kali ni jambo la kawaida kabisa, mradi yasivuke ukingo wa ndani na yaondoke upepo ukitulia. Chukua rula upime ukingo huo, ule unaotazama chumbani, kuanzia sakafu ya reli hadi juu. Ukikuta milimita 35 au zaidi, una nafasi nzuri. Ukikuta chini ya 20, reli yenu ni fupi kwa ukuta unaotazama bahari, na hilo nitalirudia tukifika kwenye uamuzi.

Sasa kazi. Siku kavu, ikate ile silikoni pembeni kwa kisu chembamba, kisha iing'oe kwa kijiti au plastiki ngumu. Usikwangue kwa chuma, utavunja rangi mahali pabaya kuliko pote. Halafu chukua kikombe cha maji ukimimine taratibu kwenye reli ya nje huku mtu mwingine amesimama nje anatazama. Maji yatoke yote, yadondokee mbele ya ukuta. Yakitoka kwa kusuasua, pima tundu. Tundu la milimita 3 au 4 ni dogo mno: tone la maji hulikalia kama kifuniko lisisogee. Fundi alipanue liwe mwanya wenye urefu wa milimita 20 au 25 na upana wa 5 au 6, moja karibu na kila ncha ya fremu, na la tatu katikati kama dirisha ni refu.

Kikombe cha pili kimimine kwenye reli ya ndani kabisa. Hapa ndipo madirisha mengi ya karakana zetu yanapofeli mtihani. Fremu yenye reli mbili au tatu (ya tatu ikiwa ya wavu wa mbu) ina mifereji iliyotengwa kwa kuta ndogo za aluminiamu. Fundi hutoboa ukuta wa nje akasahau kutoboa zile kuta za kati. Mfereji wa nje unatoa maji vizuri, wa ndani hauna pa kuyapeleka, na ndio ulio jirani na chumba. Ukiona maji ya kikombe cha pili yamesimama tu, umelipata tatizo lililokuwepo tangu siku ya kwanza, kabla hata silikoni haijaja. Dawa yake ni kukata pengo dogo kwenye kila ukuta wa kati, chini kabisa, ili mfereji wa ndani umwagie wa nje. Ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye drili na tupa. Kwa upande wa bahari mwambie pia aweke vile vifuniko vya plastiki vyenye ulimi mbele ya vitundu. Ulimi unaruhusu maji kutoka na unapunguza hewa inayorudi.

Tazameni na huko nje chini ya fremu. Kwa kuwa mmebadilisha madirisha, mwashi alirudia lipu kuzunguka uwazi. Mara nyingi lipu hiyo, au marumaru, hupandishwa hadi ikafunika vitundu, au kingo ya chini inaachwa tambarare ikirudisha maji ukutani. Inatakiwa iteremke kuelekea nje, na vitundu viwe wazi juu yake.

Kuna uwezekano mwingine: maji hayapiti kwenye reli bali pembeni mwa fremu. Fremu ya mbao ikitolewa inaacha uwazi mkubwa kuliko dirisha jipya, na pengo hujazwa zege au saruji. Saruji ikikauka hunywea, unabaki ufa mwembamba kama unywele kati yake na aluminiamu. Kulijua hilo, tumia mpira wa maji. Anza kumwagia chini ya dirisha dakika kumi, kisha pembeni dakika kumi, mwisho juu. Ukianza juu maji yatateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Ufa ukionekana, hapo sasa ndipo penye kazi ya silikoni. Lakini mwulize fundi ni ya aina gani. Ile inayonuka siki wakati inakauka ina asidi. Haishiki vizuri kwenye saruji na inaweza kudhuru chuma. Omba ile isiyo na harufu ya siki, dukani huitwa silikoni ya nyutro. Pawe pakavu, pasiwe na vumbi, na paachwe pakauke. Silikoni hukauka kuanzia juu kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo mstari mnene usiuoshe wala kuubonyeza kabla ya siku tatu au nne.

Tuje kwenye uzito. Mafuta ya kupikia hayabaki kuwa mafuta. Yakikutana na hewa na joto hugeuka kuwa gundi, ile inayong'ang'ania nyuma ya jiko. Kabla hayajafika huko yanakamata vumbi na mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta unakuwa msasa unaosaga magurudumu ya nailoni kila unaposukuma. Grisi nayo ni hivyohivyo, hata kama ni ya gari. Reli ya dirisha inatakiwa iwe kavu na safi.

Anza na brashi kavu au mswaki wa zamani, toa mchanga wote kabla ya kumwaga tone la maji, la sivyo utatengeneza tope litakaloziba vitundu ulivyovifungua. Kisha loanisha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua gundi ya mafuta, rudia hadi kitambaa kitoke safi. Kausha. Baada ya hapo puliza silikoni ya kopo, ile inayokauka bila kuacha utelezi wa mafuta, kidogo tu kwenye reli na magurudumu. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Ile dawa ya kopo ya kulegezea boliti zilizoshika kutu haifai hapa. Inasafisha, inalegeza kwa siku chache, halafu nayo inakusanya vumbi.

Bado ni zito? Tazama ubavuni au chini ya kipande kinachoslaidi, kwenye kona. Madirisha mengi yana skrubu ndogo inayopandisha na kushusha gurudumu. Ukiigeuza nusu mzunguko kila upande, kipande kinanyanyuka kisiburuze reli. Usikinyanyue ukakitoa peke yako. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12.5 kwa kila mita mraba, bila fremu yake, na kikiteleza hakikupi nafasi ya pili. Muwe wawili, wenye viatu, watoto wakiwa mbali. Mkishakirudisha, hakikisheni kile kizuizi kidogo cha juu kimerudi mahali pake. Bila hicho mtu wa nje anaweza kukinyanyua kipande na kukitoa kimyakimya.

Sasa hili la kutoshika kutu, ambalo wauzaji wanalisema kwa urahisi mno. Ni kweli aluminiamu haioti kutu nyekundu. Inaliwa kwa namna yake. Ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba sana ya oksaidi, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Ina maadui wawili wakubwa nyumbani kwako: magadi na kila kilicho na tabia ya magadi, pamoja na chumvi ya bahari. Adui wa kwanza umeshamwona jikoni: ukichemsha maharage kwa magadi kwenye sufuria ya aluminiamu, sufuria inageuka nyeusi. Saruji mbichi ni kali kuliko magadi hayo. Sabuni ya unga iko upande huohuo, ndiyo maana nakuomba uiache kwa nguo. Asidi kali nazo zinaila: dawa ya vyoo, tindikali ya mafundi marumaru. Jiki nayo ina klorini, iwe mbali.

Chumvi inafanya kazi taratibu na kwa siri. Bahari inarusha matone madogo yasiyoonekana, upepo wa kusi unayabeba, na mita 400 si umbali wa kukuepusha. Chumvi ikikaa kwenye fremu haihitaji mvua ili ilowane. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 yenyewe inanyonya maji na kuyeyuka, na Dar es Salaam unyevu huo tunaufikia karibu kila usiku. Kwa hiyo fremu yako inaoga maji ya chumvi usiku na kukauka mchana, miezi yote. Palipo na mkwaruzo, ncha iliyokatwa au tundu la skrubu bila rangi, chumvi inaingia chini ya rangi, inatafuna, na unaona unga mweupe au mistari iliyoumuka kama njia za minyoo.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Madirisha ya barazani, yaliyokingwa na paa, ndiyo yanayoharibika mapema. Yale yaliyo wazi mvua inayaosha. Ya barazani yanapokea chumvi ileile na hakuna wa kuyaosha isipokuwa wewe.

Madoa yako sasa. Siwezi kuyaona, lakini unaweza kuyapambanua mwenyewe. Lowanisha doa. Likipotea likiwa na maji na kurudi likikauka, ni chokaa au chumvi ya maji ya kuoshea, na hapo nauliza: mnatumia kisima? Visima vingi vya Kigamboni vina chumvi, na kuosha dirisha kwa maji hayo ni kuongeza tatizo unalolitoa. Suuza kwa maji ya bomba la DAWASA au ya mvua. Ikiwa doa ni gumu, limeinuka, kucha inakwama, na limetapakaa chini ya dirisha tu, hilo ni saruji ya mwashi. Funika kwa kitambaa kilicholowa nusu saa, likwangue kwa plastiki au kijiti. Likitoka na kuacha kivuli, rangi imekwisha kuunguzwa na hakuna sabuni itakayoirudisha; fundi anaweza kupachika rangi ya kufanana. Ikiwa ni unga mweupe unaofutika na kurudi, na chini yake kidole kinahisi kishimo au rangi iliyoinuka, hiyo ndiyo aluminiamu inayoliwa. Na kama eneo zima limepauka pasipo unga wala kimo, samahani, ni waya wa masufuria. Waya huo pia huacha chembe za chuma zinazoshika kutu, ukiona vidoa vyekundu usishangae.

Paliposuguliwa pakapauka pana msaada kidogo. Osha, kausha, paka nta ya gari isiyo na chembe za kukwaruza, futa kwa kitambaa laini. Haitarudisha rangi, ila itaziba na kupunguza chumvi kushika. Fremu zote zinafaidika na nta hiyo mara moja au mbili kwa mwaka, hasa kabla ya kusi kuanza kuvuma.

Ile plastiki ya kinga itoeni wiki hii. Mume wako yuko sahihi kwamba inazuia mikwaruzo, na wakati wa kupiga lipu na rangi ilikuwa na faida kubwa. Lakini kazi yake iliisha mafundi walipoondoka. Jua linaioka, gundi inashikana na rangi ya fremu, na maji ya chumvi yanayopenya chini yake hayakauki. Ichune asubuhi fremu ikiwa ya baridi, taratibu, ukiikunja irudi juu yake yenyewe. Ikikatika vipande vipande, iwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu na sabuni dakika kadhaa. Gundi iliyobaki ifute kwa mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, usiguse raba za kioo maana zinavimba, kisha osha papo hapo kwa sabuni. Thina usiilete karibu.

Utaratibu wa kuosha ni mwepesi. Upande wa bahari na barazani, suuza kwa maji baridi kila mwezi. Kila miezi mitatu osha fremu zote kwa kitambaa laini na sabuni ya maji ya vyombo, suuza, kausha, huku ukipitia vitundu kwa kijiti. Fanya jua likiwa halijapiga dirisha, sabuni isikaukie juu. Wavu wa mbu usugue kwa brashi laini, usiuvute. Raba na manyoya yanatakiwa maji tu.

Leta na sumaku ndogo uipitishe kwenye vichwa vya skrubu. Skrubu ya chuma cha kawaida itashika kwa nguvu, na ikiwa imeanza kuteremsha mstari mwekundu, badilisha. Chuma cha kawaida na aluminiamu vikigusana penye maji ya chumvi vinaharibiana. Kwa mlipo, omba stenlesi ya daraja la 316. Kwa sababu hiyohiyo, kama mliacha grili za zamani, hakikisheni nondo hazigusi fremu, na zipigwe rangi kabla maji ya kutu hayajaanza kuchuruzika kwenye aluminiamu.

Kwenye vioo nina neno moja tu. Tinti inameza joto la jua. Ukibandika karatasi nyeusi, boksi au stika kwa ndani, au ukisukumia godoro na kabati vikigusa kioo, katikati panachemka huku kingo zilizofichwa kwenye fremu zikibaki za baridi, na kioo kinapasuka chenyewe kuanzia ukingoni. Pazia liwe na nafasi kidogo.

Uliuliza kama myang'oe. Ushauri wangu ni huu: fungua vitundu, toboeni kuta za kati, wekeni vifuniko vyenye ulimi, muone vuli itakavyokuwa. Nyumba nyingi zinapona hapo. Kama ukingo wa reli ni ule mfupi niliousema na ukuta unatazama bahari bila kizuizi, maji yatapungua sana lakini dhoruba chache bado zitakushinda. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kujenga kibaraza kidogo cha zege au bati juu ya dirisha, na hii naipenda zaidi kwa sababu inapunguza maji kabla hayajafika. Ya pili ni kubadilisha madirisha ya ukuta huo tu yawe ya kufungua kwa bawaba, yanayobana kwenye raba pande zote. Hayo yanazuia mvua ya upepo vizuri kuliko ya kuslaidi, lakini yana adha zake: yanafunguka nje, kwa hiyo wavu na grili vinakuwa ndani na kila ukitaka kufungua unaanza na wavu, na bawaba zake kwenye chumvi zinataka uangalizi. Madirisha ya pande nyingine yaacheni.

Kwa fundi wenu, msianze kwa ugomvi. Mwiteni, mwonyesheni kile kikombe cha pili kilivyosimama kwenye reli, mwambieni mnataka kuta za kati zitobolewe na silikoni aliyoweka itolewe. Aliye mwaminifu akiona ataelewa na hatadai fedha nyingine kwa kasoro ya utengenezaji. Akikataa, tafuteni mwingine na mwandikishane kazi itakayofanywa na muda atakaoiwajibikia.

Kuna mambo yasiyosubiri majaribio yangu. Maji yakifika kwenye soketi au swichi iliyo chini ya dirisha, zima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme kabla ya kuuwasha tena. Kioo chenye ufa, hasa cha ghorofani, kibandike utepe wa gundi pande zote mbili, zuia watu wasipite chini yake, kibadilishwe. Rangi inayoendelea kuumuka na kusambaa mwezi hadi mwezi inahitaji mtu aje aitazame, kwa kuwa huenda fremu haikuandaliwa vizuri kabla ya kupakwa, na hilo ni dai la kumrudishia muuzaji mapema mkiwa na risiti na picha.

Na zungukeni nyumba mtazame kona za madirisha. Nyufa zinazokwenda mshazari kutoka kwenye kona, lenta (boriti ya juu ya dirisha) iliyoshuka, au dirisha lililokuwa likifunga vizuri ambalo sasa loki yake haikutani, si mambo ya aluminiamu. Pima kwa futi kutoka kona hadi kona ya mkabala, mishazari yote miwili. Tofauti ikizidi milimita 5 na ikawa inaongezeka, mwiteni mhandisi wa majengo au mwashi mzoefu atazame ukuta na msingi, na muiteni yeye kwanza, kabla ya fundi wa aluminiamu.